Umma Uliosimama Getini

Mwaka 1999 nilikuwa darasa la nne, tukiishi Kitangiri, Mwanza, na baba yangu alikuwa mkata minofu katika kiwanda kimoja cha kuchakata sangara kando ya ziwa. Asubuhi moja aliondoka alfajiri kama ilivyokuwa desturi yake, buti zake za mpira zikiwa ndani ya mfuko wa rambo, akarudi kabla sisi watoto hatujatoka kwenda shule. Aliketi uani, akaweka mfuko chini, na mama alipomuuliza kulikoni, alieleza kwamba wamekuta karatasi imebandikwa getini, imeandikwa kwa Kiingereza, na mlinzi amewasomea kuwa kazi imesimama mpaka watakapoitwa. Mama akauliza imesimama kwa nini. Baba akasema, "Mlinzi naye hajui. Hakuna aliyemwambia."

Katika majuma yaliyofuata kila mtu mtaani alikuwa na sababu yake. Wapo waliosema Wazungu wamewachoka samaki wetu, wapo waliosema ziwa zima limetiwa sumu, na wapo walioanza kuwatazama kwa jicho baya wavuvi waliokuwa jirani zao kwa miaka mingi. Mama alikuwa akikaanga mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kuondolewa, na kuyauza jioni kando ya barabara. Viwanda viliposimama mapanki yaliadimika, na hata siku alipofanikiwa kupata sato wachache kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, wateja wake wa siku zote walisimama kwanza na kumuuliza kama samaki wale ni salama. Hakuwa na la kuwajibu, kwa sababu aliyepaswa kumpa jibu alikuwa mume wake, na mume wake alikuwa amesomewa karatasi na mlinzi.

Sababu zenyewe nilikuja kuzisoma karibu miaka kumi baadaye. Mwaka ule Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakivua kwa sumu, na haikuwa mara ya kwanza, kwani kati ya mwishoni mwa mwaka 1997 na katikati ya mwaka 1998 samaki wabichi kutoka ukanda wetu walikuwa wamezuiwa kwa sababu ya mlipuko wa kipindupindu. Tanzania, Kenya na Uganda zote ziliumia, maana ziwa ni moja na mnunuzi wa mbali hawezi kujua samaki huyu alivuliwa upande gani wa maji. Nakubali kwamba kiwanda alichofanyia kazi baba hakikuwa na uwezo wa kuzuia uamuzi uliofanyika Brussels. Hata hivyo kilikuwa na uwezo kamili wa kuwakusanya wakata minofu wake na kuwaambia kwa Kiswahili kwamba soko limefungwa, kwamba sababu inayotajwa ni hii, kwamba sisi hapa tumechukua hatua hizi, na kwamba tutakutana tena mahali hapa Ijumaa ya juma lijalo. Hilo halikuhitaji fedha, na halikufanyika.

Ninaanza na habari hii kwa sababu watu huniuliza mara kwa mara shahada ya uhusiano wa umma imenisaidia nini, na siwezi kujibu bila kurudi kwenye lile geti.

Nilijiunga na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Malimbe, mwaka 2008. Eneo lile lina historia ndefu katika fani hii, kwani Kanisa Katoliki lilianzisha kituo cha mafunzo ya kijamii Nyegezi mwaka 1960, waandishi wa habari wengi wa nchi hii wamepitia huko, na chuo kikuu chenyewe kilizaliwa hapohapo mwaka 1998. Mimi nilikwenda kusomea Uhusiano wa Umma na Masoko, na ndugu zangu wengi walielewa kwamba nimekwenda kusomea kazi ya kupokea wageni, kuvaa vizuri na kuongoza shughuli kwa kipaza sauti. Sikuwalaumu, maana hata mimi nilidhani nitafundishwa namna ya kusema vizuri. Muhula wa kwanza haukuwa umeisha kabla sijaona kwamba sehemu kubwa ya masomo ilihusu mambo yanayotakiwa kufanyika kabla mtu hajafungua kinywa.

Tulisoma habari za Ivy Lee, Mmarekani ambaye mwaka 1906, akiwatumikia wamiliki wa migodi ya makaa ya mawe wakati wa mgogoro na wafanyakazi wao, aliwatumia wahariri wa magazeti tamko la kanuni zake, akiahidi kwamba kazi yake itafanyika hadharani na kwamba atatoa taarifa sahihi kwa mhariri yeyote atakayeziomba. Mwalimu wetu hakutuacha tumshangilie, kwa kuwa alituonyesha pia lawama nzito alizozipata mtu huyohuyo miaka michache baadaye, alipoitumikia familia ya Rockefeller, wamiliki wa kampuni ya migodi, baada ya wachimbaji na jamaa zao kuuawa huko Ludlow, Colorado, mwaka 1914. Tukaambiwa tushike yote mawili, ahadi na lawama, kwa sababu fani yetu imebeba yote mawili tangu kuzaliwa kwake.

Somo lililonigusa zaidi ya mengine yote lilikuwa lile la dawa ya maumivu iitwayo Tylenol. Mwaka 1982 watu 7 wa eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge ambavyo mtu asiyejulikana alikuwa amevitia sumu ya sianidi, na kampuni ya Johnson & Johnson, ambayo haikuwa imeitia sumu hiyo, iliwaonya watu wasitumie dawa hiyo ikaziondoa chupa zipatazo milioni 31 madukani nchi nzima, kisha ikairudisha sokoni katika vifungashio ambavyo mtu akivichezea inaonekana. Wenzangu darasani walijadili gharama, walijadili soko, walijadili jina la kampuni. Mimi nilikuwa nawaza karatasi ya Kiingereza. Sumu kule, sumu huku. Kule mwenye dawa alitoka mbele akawaambia wanaomeza, huku mwenye kiwanda alibandika tangazo akafunga geti. Nilitoka darasani nikatembea hadi kwenye miamba ya upande wa ziwani, nikakaa huko mpaka jioni, na nadhani siku hiyo ndipo nilipochagua kazi hii kwa moyo wangu wote.

Masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa na tabia ya kujitafsiria usiku bwenini, kwa sababu nilijua kwamba siku moja nitatakiwa kumweleza mtu kama mama yangu. Tulifundishwa mifano minne ya namna taasisi zinavyofanya uhusiano wa umma, ya wataalamu James Grunig na Todd Hunt, iliyotolewa mwaka 1984: ule wa kutafuta kusikika kwa namna yoyote ile, ule wa kutoa taarifa tu, ule wa kuwasikiliza watu ili ujue namna ya kuwashawishi, na ule wa nne, ambao taasisi huwasikiliza watu ikiwa tayari kubadilika yenyewe. Nilihangaika sana kuutafsiri huo wa nne, mpaka nilipoyatazama majina ambayo lugha yetu tayari imeipa kazi hii. Uhusiano umetoka katika kuhusu, ukapita katika kuhusiana. Mawasiliano yametoka katika kuwasili, yakapita katika kuwasiliana, yaani watu wawili kufikiana, kila mmoja akatoka alipo na kufika kwa mwenzake. Yote mawili yamejengwa juu ya kauli ya kutendana. Mtu akisema peke yake huku mwingine akisikiliza tu, kwa Kiswahili hilo lina jina lake, nalo ni tangazo. Nimeitumia hoja hii katika vikao vingi tangu wakati huo, na inaeleweka upesi kuliko mchoro wowote wa kitabuni.

Neno lililonisumbua ni umma. Vitabu vilisisitiza kwamba hakuna umma mmoja, kwamba kila jambo huzaa makundi yake, yenye hofu tofauti na maswali tofauti, ilhali sisi tunasema umma kana kwamba ni mkutano mmoja uliokaa uwanjani Nyamagana ukisubiri hotuba. Nilijizoesha kuandika pembeni mwa kila kazi maneno mawili, "nani hasa?", na mpaka leo siwezi kuanza kuandika taarifa kabla sijayajibu.

Mwaka 2010 nilikwenda kufanya mazoezi kwa vitendo katika taasisi moja hapa mjini. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukata vipande vya magazeti vilivyotaja jina la taasisi, kuvipima kwa rula, na kuzidisha urefu wake kwa bei ya tangazo ili uongozi uone ni fedha kiasi gani "imeokolewa". Mwaka huohuo wataalamu wa upimaji wa mawasiliano waliokutana Barcelona walitangaza kanuni zilizokataa hesabu ya namna hiyo, wakisema bei ya tangazo si thamani ya mawasiliano. Niliporudi chuoni na kulisoma jambo hilo nilifarijika, kwa maana nilikuwa nimeona kwa macho yangu habari ya nusu ukurasa iliyotukashifu ikiingizwa katika jedwali kama mapato.

Sasa nifike usiku ambao ndio hasa ulionifanya afisa uhusiano.

Nilikuwa nimeajiriwa katika kiwanda cha samaki, si kile cha baba, lakini cha namna ileile, na nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja kazini. Ilikuwa mwaka 2013, yapata saa mbili usiku, nikiwa nyumbani, nilipopigiwa simu kwamba bomba la amonia limevuja. Amonia ndiyo gesi inayotumika katika mitambo ya kugandisha samaki, na harufu yake huchoma macho na koo hata ikiwa kidogo. Zamu nzima ilikuwa imetolewa nje kwa mlango wa nyuma, upande ambao upepo ulikuwa ukitokea, mafundi walikuwa wamefunga valvu, na wafanyakazi watatu walikuwa wamepelekwa hospitali kwa kikohozi na macho kuwasha. Hakuna aliyekuwa katika hatari ya kufa.

Nilifanya kile nilichodhani nimefundishwa. Nilifungua kompyuta nikaandika taarifa kwa vyombo vya habari, aya tano zilizopangika vizuri, nikamtumia meneja. Meneja alitaka mwanasheria aione. Mwanasheria alikuwa Dar es Salaam, alikuwa safarini, akaiona saa nne kasoro, akabadilisha maneno mawili, akairudisha kwa meneja, ambaye naye alitaka mwenye kampuni aidhinishe. Saa tano usiku taarifa ilikuwa bado haijatoka, na hapo ndipo nilipopanda bodaboda kwenda kiwandani.

Getini palikuwa na watu labda mia na hamsini. Walikuwa wake, waume, mama wazazi wenye kanga mabegani, watoto wakubwa, na waendesha bodaboda waliowaleta. Harufu ilikuwa imewafikia majumbani, uvumi ukawafikia pamoja nayo, na idadi ya waliokufa iliyokuwa ikitajwa ilikuwa imefika kumi na wawili. Wafanyakazi waliotolewa kwa mlango wa nyuma walikuwa wamekusanywa uwanja wa upande wa pili, simu zao zikiwa zimebaki ndani ya makabati, hivyo hakuna aliyeweza kumpigia mtu wake. Mzee mlinzi alikuwa amesimama nyuma ya nondo za geti akirudia jambo moja kwa kila aliyemuuliza: "Mimi sijui, sijaambiwa."

Nilisimama nyuma ya umati ule nikayasikia maneno ya mwaka 1999, na safari hii aliyepaswa kumwambia yule mzee nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetumia saa tatu kuandika kwa ajili ya magazeti yatakayochapwa kesho, wakati watu waliohusika usiku huo walikuwa hatua ishirini kutoka kwenye mtambo. Kosa hilo ni langu, na sijaona sababu ya kulipunguza.

Nilimwomba mlinzi anifungulie, nikapanda juu ya ngazi ya kibanda chake. Sikuwa na kipaza sauti wala idhini. Nilisema kwamba bomba la gesi limevuja na limefungwa. Kwamba watu wote waliokuwa zamu wametoka, nikataja idadi yao. Kwamba watatu wako hospitali, wanaongea, na jamaa zao watatu nitawaita pembeni sasa hivi kwa majina. Kwamba wengine wote wako uwanja wa nyuma na wataanza kutoka kupitia geti hili baada ya muda mfupi. Kijana mmoja akapaza sauti akauliza limevuja kwa nini. Nilimjibu kwamba hatujui bado, mafundi hawajaruhusiwa kuingia, na kwamba saa sita kamili nitasimama tena mahali hapa kueleza tutakachokuwa tumekijua. Mama mmoja mtu mzima aliuliza kwa Kisukuma jambo ambalo sikulipata lote, na mfanyakazi mmoja wa kike aliyekuwa karibu akamjibu kwa lugha hiyohiyo, kirefu, mpaka yule mama akakaa chini. Dada yule, mfungashaji wa samaki, alikuwa amefanya kazi yangu vizuri kuliko mimi.

Saa sita nilisimama tena. Sikuwa na jipya, na nikasema kwamba sina jipya. Watu wachache waliobaki walinisikiliza, wakaniaga kwa kuniita mwanangu, wakaondoka. Taarifa ya aya tano iliidhinishwa saa mbili asubuhi. Redio zilikuwa zimeshaitangaza habari kwa maneno ya watu waliokuwa getini, na maneno hayo yalikuwa sahihi.

Mtu anaweza kusema kwamba niliyoyafanya usiku ule ni busara ya kawaida ambayo haihitaji shahada, na kwa sehemu ni kweli. Shahada ilionekana wiki mbili baadaye, katika kikao cha uongozi. Nilitaka mambo matatu: sentensi chache za mwanzo ziidhinishwe mapema ili dharura ikitokea zisisubiri mtu yeyote, orodha ya walio zamu iwepo getini kila siku, na mlinzi pamoja na dada wa mapokezi waambiwe habari kabla ya mwandishi yeyote wa habari. Hoja zilizonipinga zilikuwa za watu wenye akili na uzoefu. Mmoja alisema kwamba tukitamka "hatujui" tutaonekana wajinga, mwingine alisema mlinzi si msemaji wa kampuni. Kama ningekuwa na maoni yangu tu, yangekaa mezani na maoni yao, na wao walikuwa wakubwa wangu. Lakini niliweza kuwaonyesha mwaka 1982, niliweza kuwaonyesha mwaka 1999 wa hapahapa Mwanza, niliweza kueleza kwa mpangilio jinsi pengo la taarifa linavyojazwa na uvumi na kwa nini anayekiri mapema asichokijua huaminiwa baadaye anapokijua. Niliwauliza pia, kati ya mlinzi na meneja, ni nani ambaye watu mia na hamsini walimuuliza swali. Walikubali mawili siku hiyo, na la tatu baada ya miezi sita.

Kazi ya aina hii haipigwi picha. Nusu ya maisha yangu ya kazi, labda zaidi, imepita katika kuwapelekea wakubwa habari ambazo hawakutaka kuzisikia kutoka kwa watu ambao hawakuwa na mpango wa kuwauliza, na ninaamini kwamba afisa uhusiano asiyefanya hivyo ni mtu wa kupaka rangi tu.

Mwaka 2016 nilihamia shirika linalotoa elimu ya afya visiwani, upande wa Ukerewe. Hapo somo la mbinu za utafiti, ambalo wengi wetu tulilivumilia tu chuoni, lilinilipa kuliko masomo mengine yote. Kazi ilikuwa kuhamasisha watu wazima kumeza dawa ya kichocho, ugonjwa wa minyoo inayotokana na konokono wa majini, ambao unawapata sana watu wanaoshinda ndani ya maji ya ziwa. Mabango yalikuwa mazuri, gari la matangazo lilipita, lakini wanaume waliojitokeza mialoni walikuwa wachache, na maelezo yaliyokuwa yakitolewa ofisini ni kwamba wavuvi ni wagumu kuelewa.

Niliomba siku kumi kabla ya kuchapa bango jingine. Nilikaa kambini na wavuvi wa dagaa nikiwa na daftari, nikauliza maswali mepesi: unalala saa ngapi, unakula saa ngapi, mwaka jana ulimeza, ulijisikiaje. Yeyote aliyekulia kando ya ziwa anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na kwamba mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa, hivyo mitumbwi hupandishwa nchi kavu na watu hupumzika mpaka mwezi upungue. Ratiba yetu ilikuwa imepangwa kwa kalenda ya ukutani. Tulikuwa tunafika saa tatu asubuhi, katika siku zisizo na mbalamwezi, kwa mtu aliyetoka ziwani alfajiri, aliyekwisha kuanika dagaa na kulala usingizi mzito. Zaidi ya hayo, wengi walikuwa wamewahi kumeza dawa tumbo likiwa tupu, wakapata kizunguzungu na kutapika, na hapakuwa na aliyewaambia kwamba dawa ile inahitaji chakula. Mtu aliyetapika mbele ya wenzake kambini ndiye aliyekuwa bango letu kubwa kuliko yote.

Tulihamisha zoezi hadi siku za mbalamwezi, tukaanza saa nane mchana, tukahakikisha ugali umeiva kabla dawa haijafunguliwa, na tukawaomba wenyeviti wa kambi, wanaozungumza Kikerewe na Kijita, waeleze wenyewe kuhusu kizunguzungu kabla mtu hajauliza. Maneno kwenye bango hayakubadilika hata moja. Wanaume walikuja, na daktari tuliyefuatana naye alilazimika kutuma mtumbwi kuongeza dawa.

Niliyekuwa naye ofisini wakati huo alikuwa mwenyeji wa Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati la kisiwa hicho na watu zaidi ya 200 kupoteza maisha, sikuwa na dhamana yoyote katika tukio lile, nilikuwa mtu wa kukaa pembeni ya mwenzangu anayesubiri jina. Nilijifunza katika siku zile kwamba anayesubiri haulizi idadi, anauliza mtu wake mmoja, na kwamba idadi ikitajwa bila kutajwa saa ya kuhesabiwa humchanganya zaidi, kwa sababu anasikia namba tatu tofauti kwa siku moja na kudhani anadanganywa. Tangu hapo kila takwimu ninayoitoa ina saa pembeni yake, hata ikiwa ni takwimu ya jambo dogo la kawaida.

Kuna jambo moja ambalo chuo kiliniandaa nalo kidogo mno, nalo ni bahasha, yaani fedha anazopewa mwandishi wa habari na taasisi anayoiandika. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka, malipo yenyewe ni haba, na aliyekuja Ukerewe kwa nauli yake amekwisha kupata hasara kabla hajaandika neno. Vitabu vilisema usimlipe mwandishi, vikaishia hapo. Mimi nilijiwekea utaratibu wa kulipa nauli halisi, kiwango kilekile kwa wote, kwa saini na stakabadhi, habari itoke au isitoke, iwe ya kutusifu au ya kutukosoa, na mara mbili nimewahi kulipa nauli ya mwandishi aliyetuandika vibaya kwa haki kabisa. Wapo wenzangu wanaoona hata hilo ni kosa. Naheshimu msimamo wao, ila sijaona bado namna nyingine ya kumfikisha mwandishi kisiwani akajionee mwenyewe.

Siku hizi hupokea wanafunzi wanaokuja mazoezi kwa vitendo, wengine kutoka Malimbe kulekule. Wanakuja wakiwa na ujuzi wa mitandao ya kijamii kunizidi, wanapiga picha vizuri, wanataka wapewe ukurasa wa shirika siku ya kwanza. Nawapa daftari na kiti, nawaomba wakae getini na mzee mlinzi kwa siku tano, waandike kila swali ambalo mtu yeyote atauliza, kwa maneno ya mwulizaji mwenyewe, bila kulisahihisha. Mwaka jana binti mmoja alirudi Ijumaa jioni na maswali 61. Tuliketi tukayasoma pamoja, tukatafuta ni mangapi kati ya hayo yamejibiwa katika vipeperushi vyetu, na tulipata manne. Swali lililojirudia kuliko yote lilikuwa la watu wanaotaka kujua kama ofisi iko wazi siku ya mnada, kwa sababu wakija mjini huja siku hiyo. Jumatatu alichukua ubao na chaki, akaandika jibu kwa herufi kubwa, na kabla hajautundika alimpelekea mlinzi ausome kwanza.